Njiwa-mwitu wa Uingereza: namna ya kumvuta na kumpiga bila kuhatarisha watu

Kwa mkulima wa Uingereza, njiwa-mwitu ni mharibifu aliye rahisi kumwona na mgumu kumfukuza. Sheria inaruhusu apigwe kwa bunduki pale anapoleta hasara kubwa shambani, lakini kazi hiyo ina masharti mengi, na kosa moja laweza kumgharimu mtu uhai wake.

Milio ya bunduki husikika mara kwa mara katika mashamba ya nchi hiyo, hasa mwishoni mwa majira ya baridi na wakati wa mavuno mwezi Julai na Agosti. Wengi wanaoisikia, wakiwemo watu wa Afrika Mashariki waishio huko, hudhani kuwa ni mchezo wa matajiri tu. Aghalabu ni mkulima, au mtu aliyepewa idhini naye, anayelinda mazao.

Makala haya yanaeleza habari za ndege huyo, sheria inayomhusu, jinsi anavyovutwa kwa ndege bandia, na tahadhari zinazopaswa kuchukuliwa.

Ni ndege gani?

Njiwa-mwitu, ambaye jina lake la kisayansi ni Columba palumbus, ndiye mkubwa kuliko njiwa wote wa Uingereza. Urefu wake ni kiasi cha sentimita 40, na uzito wake ni gramu 450 hadi 550 hivi. Ana rangi ya kijivu, kifua cha rangi ya waridi iliyofifia, doa jeupe kila upande wa shingo, na mstari mweupe katika kila bawa. Mstari huo huonekana waziwazi anaporuka, na kwa njiwa wenzake walio mbali ni kama bendera inayowaita.

Inakadiriwa kuwa jozi zipatazo milioni 5 huzaliana nchini humo. Jike hutaga mayai mawili, na jozi moja yaweza kulea vifaranga zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Zamani majira ya baridi ndiyo yaliyopunguza idadi yao, kwa kuwa chakula kilikuwa haba. Hali ilibadilika tangu miaka ya 1970, wakulima walipoanza kupanda kwa wingi zao la rapa, mmea wa jamii ya kabichi na haradali ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta. Rapa hupandwa mwishoni mwa kiangazi, na majani yake hubaki mabichi wakati wote wa baridi. Njiwa wakapata meza iliyoandaliwa katika miezi ambayo zamani walikufa njaa.

Hasara shambani

Kundi la mamia ya njiwa likitua katika shamba la rapa hunyofoa majani na kuacha mishipa mitupu. Miche michanga huweza kufa kabisa. Iliyopona hukua kwa kuchelewa, na shamba likachanua na kukomaa bila ulingano, hata uvunaji ukawa mgumu.

Rapa si zao pekee linaloathirika. Njiwa hula pia njegere zinapochipua na zinapojaza maganda, kabichi na mboga za jamii yake, mbegu za nafaka zilizopandwa karibuni, na masuke ya ngano au shayiri iliyolazwa na mvua.

Sheria inasemaje?

Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya mwaka 1981, ndege wa mwituni wa England, Scotland na Wales wanalindwa. Njiwa-mwitu hupigwa kwa njia ya kinachoitwa leseni ya jumla. Mtu haombi leseni hiyo kwa jina lake, bali hupaswa kuisoma na kutimiza masharti yake yote. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina leseni zake, na masharti huweza kubadilika, hivyo mpigaji hana budi kusoma toleo linalotumika.

Nguvu ya masharti hayo ilidhihirika mwezi Aprili 2019. Baada ya hoja ya kisheria iliyotolewa na kikundi cha Wild Justice, shirika la Natural England lilifuta leseni tatu za jumla, na kwa muda wakulima wengi hawakujua kama wanaruhusiwa kulinda mashamba yao. Leseni mpya zilitolewa katika majuma yaliyofuata.

Msingi wa leseni ya kulinda mazao ni kwamba njiwa apigwe ili kuzuia hasara kubwa, wala si kwa burudani. Kabla ya bunduki, mkulima anatakiwa awe amejaribu njia nyingine zinazofaa: sanamu za kutishia ndege, mizinga ya gesi inayotoa mlio, nyavu, au watu wa kuwafukuza. Wazee wetu waliokaa juu ya dungu kuamia ndege, kombeo mkononi, wangeitambua kazi hiyo mara moja.

Mpigaji lazima awe na ruhusa ya mwenye shamba, ambayo ni vyema iwe ya maandishi. Kadhalika lazima awe na cheti cha bunduki ya marisau kinachotolewa na polisi. Katika England, Scotland na Wales cheti hicho hudumu miaka mitano, na mwombaji huchunguzwa tabia na afya yake. Mgeni kutoka nje ya nchi huombewa kibali maalumu na mwenyeji wake kabla ya kugusa bunduki.

Sheria hiyo ya 1981 inakataza pia kumtumia kama chambo ndege aliye hai aliyefungwa, aliyepofushwa au aliyejeruhiwa.

Kupeleleza kwanza

Wenye ujuzi husema kuwa kazi kubwa hufanyika kabla ya bunduki kutolewa kabatini. Mpigaji hutumia saa kadhaa, pengine siku nzima, akitazama kwa darubini njiwa wanatoka wapi, wanapita juu ya nini, na wanatua sehemu gani ya shamba.

Njiwa wana njia zao angani. Hufuata safu za miti, mabonde na kingo za mashamba, na hupenda kupumzika katika mti mrefu kabla ya kushuka kula. Mwelekeo wa upepo huibadili njia hiyo, hivyo mahali palipofaa jana huenda pasifae leo.

Wakati huohuo mpigaji hutazama jambo la pili lililo muhimu zaidi: watu. Nchini England njia za umma za waenda kwa miguu hukatiza katikati ya mashamba mengi. Kunaweza kuwa na nyumba nyuma ya ua wa miti, barabara isiyoonekana bondeni, wapanda farasi, mifugo, au wafanyakazi wa shamba jirani. Mahali penye njiwa wengi lakini pasipo na upande salama wa kupigia si mahali pa kukaa. Hapo hutafutwa pengine, au njiwa hufukuzwa kwa njia nyingine.

Maficho na ndege bandia

Njiwa ana macho makali, hivyo mpigaji hujificha katika kibanda kidogo cha nyavu zenye rangi ya mazingira, zilizotundikwa juu ya miti mifupi na kuchomekwa matawi ya mahali hapo. Nyuma ya kibanda huhitajika ua au kichaka ili umbo la mtu lisionekane. Uso na mikono hufunikwa.

Mbele ya maficho hupangwa ndege bandia. Wengi ni magamba mepesi ya plastiki yaliyopakwa rangi za njiwa. Njiwa aliyekwisha kupigwa naye huweza kuwekwa kifudifudi, kichwa kikiinuliwa kwa kijiti ili aonekane akila.

Mpangilio unaojulikana zaidi ni wa umbo la kwato ya farasi. Ndege bandia huwekwa katika pande mbili zinazokutana upande upepo unakotoka, na katikati huachwa uwazi. Kwa kuwa njiwa hutua akiukabili upepo, uwazi huo huwa kama mlango aliofunguliwa. Bandia wengi huelekezwa upande wa upepo, lakini si kwa mstari kama askari wa gwaride, maana njiwa halisi hawali hivyo.

Sehemu ya kutua hupangwa kiasi cha mita 20 hadi 25 kutoka maficho. Umbali huo una sababu ya utu pia. Marisau hutawanyika kadiri yanavyokwenda, na njiwa anayepigwa zaidi ya mita 35 hivi huenda akajeruhiwa tu na kwenda kufia mbali.

Baadhi ya wapigaji hutumia mashine ya betri inayozungusha ndege wawili hewani ili mistari myeupe ya mabawa ionekane toka mbali. Njiwa wakianza kuikwepa, ni bora kuizima.

Mtambue kabla ya kupiga

Si kila njiwa anayekuja ni njiwa-mwitu. Yupo njiwa mdogo zaidi, Columba oenas, asiye na weupe shingoni wala mabawani na mwenye macho meusi. Hula pamoja na njiwa-mwitu lakini haruhusiwi kupigwa kwa leseni hiyo. Wapo pia njiwa wa mashindano, ambao ni mali ya watu. Asiyeona weupe wa bawa na asiache shaka imwamulie. Bunduki ibaki chini.

Usalama wa bunduki

Marisau ya kawaida huua njiwa kwa umbali mfupi, lakini yaweza kusafiri zaidi ya mita 200 kabla ya kuanguka. Kwa sababu hiyo, wapi pa kupiga na wapi pa kutopiga huamuliwa kabla ndege wa kwanza hajafika. Ndege akishafika, macho humfuata yeye, na mtu husahau kilicho nyuma yake.

Njia rahisi ni kusimama ndani ya maficho kabla ya kutia risasi na kuchomeka vijiti viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, kuonyesha mipaka ya mtutu. Ndege akipita nje ya vijiti hivyo, ameokoka. Kanuni nyingine ni hizi:

- Usipige ndege wa chini isipokuwa unaiona ardhi iliyo nyuma yake na una hakika kuwa haina mtu wala mnyama. Kilicho salama zaidi ni mbingu tupu nyuma ya ndege. Ua wa miti hausimamishi marisau.
- Fungua bunduki na utoe risasi kila unapotoka kwenye maficho, hata kama unakwenda kuokota ndege mmoja.
- Angalia kuwa nyavu au kamba haziwezi kunasa kifyatulio, na kwamba kigoda chako hakiyumbi.
- Chungulia ndani ya mtutu kabla ya kutia risasi. Tope au theluji kidogo yaweza kuupasua.
- Kamwe usichanganye risasi za kipimo cha 12 na cha 20. Ile ya 20 ni nyembamba. Hupenya na kukwama ndani ya mtutu wa kipimo cha 12. Mtu akidhani hakutia kitu na kuongeza nyingine, mtutu hupasuka mkononi mwake.
- Mkiwa wawili katika maficho, apige mmoja na mwingine apumzike.
- Vaa vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho.
- Mjulishe mwenye shamba siku na saa. Wengi huwaarifu polisi pia, ili mlio usizushe hofu.

Jambo jingine ni madini ya risasi yenyewe, sumu ambayo imelipa jina lake neno letu la risasi ya bunduki. Mwezi Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa itapiga marufuku marisau ya madini hayo katika England, Scotland na Wales, kukiwa na kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Anayehamia marisau ya chuma ajue kuwa ni magumu na hudunda yakigonga mawe, na bunduki ya zamani ikaguliwe kwanza na fundi.

Baada ya kazi

Ndege waliopigwa huokotwa wote, na aliyejeruhiwa humalizwa upesi. Nyama ya njiwa huliwa na kuuzwa. Wakati wa joto hutundikwa kivulini penye upepo, mbali na nzi, wala hairundikwi. Ndege wa porini huweza kubeba maradhi, hivyo glavu na kunawa mikono ni lazima. Maganda ya risasi huokotwa pia, kwa sababu plastiki yake huweza kuliwa na mifugo.

Je, bunduki hupunguza njiwa?

Mtafiti R. K. Murton, aliyechapisha kitabu kuhusu njiwa-mwitu mwaka 1965, alionyesha kuwa upigaji wa majira ya baridi haukupunguza idadi yao kwa jumla. Waliopigwa walichukua nafasi ya wale ambao wangekufa kwa njaa, na waliobaki wakapata chakula zaidi.

Wakulima wa Afrika Mashariki wanalijua fumbo hilo kwa kwelea kwelea. Ndege hao wamenyunyiziwa sumu mara nyingi, kama ilivyofanyika katika mashamba ya mpunga ya Kisumu nchini Kenya mwezi Januari 2023, lakini makundi hurudi, na sumu huua viumbe wengine pia.

Hivyo faida ya bunduki si kumaliza njiwa wa nchi nzima, bali ni kulilinda shamba hili, juma hili, zao likiwa katika hatari. Kwa faida ya kadiri hiyo, hakuna ndege anayestahili kupigwa kwa kubahatisha maisha ya mtu.

Ukiwa mpita njia

Mlio unaorudiarudia kwa vipindi vinavyolingana huenda ni mzinga wa gesi usio na mtu. Ukisikia milio isiyo na mpangilio, baki kwenye njia ya umma, mfunge mbwa kamba, paza sauti ili ujulikane, na usikaribie maficho kutoka mbele. Mpigaji mwenye adabu ataifungua bunduki yake na kukusubiri upite. Marisau yakikuangukia, au ukiona bunduki ikielekezwa njiani, ondoka hapo na uwapigie polisi simu namba 999.