Manowari Königsberg na Njia ya Haneti: Vita vya Bahari Vilivyofika Nyanda za Kati

Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka ufukwe wa Bahari ya Hindi. Hata hivyo, historia ya eneo hili wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kuitaja manowari moja ya Kijerumani, SMS Königsberg, pamoja na mabaharia wake waliogeuka askari wa nchi kavu.

Manowari hiyo iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914 ikiwa chini ya Nahodha Max Looff, na ilibeba mizinga kumi ya sentimita 10.5. Vita vilipozuka iliikamata meli ya mizigo ya Uingereza, City of Winchester, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaivamia HMS Pegasus iliyokuwa bandarini Zanzibar kwa matengenezo ya mitambo. Pegasus ilizama. Baadhi ya mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe.

Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika delta ya Mto Rufiji, ambako manowari za Uingereza ziliizingira kwa miezi kadhaa. Mabaharia waliugua malaria, nayo makaa ya mawe yakapungua. Sehemu za boila zilizoharibika zilivutwa kwa nguvu za wafanyakazi Waafrika hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa na kurudishwa Rufiji kwa njia hiyo hiyo. Tarehe 11 Julai 1915, HMS Severn na HMS Mersey, meli zenye uwezo wa kuelea katika maji ya kina kifupi, ziliishambulia kwa mara ya pili zikiongozwa na ndege. Looff akaamuru manowari yake ilipuliwe.

Kwa kawaida historia ya manowari huishia inapozama. Ya Königsberg haikuishia hapo. Mizinga yote kumi ilitolewa mtoni, ikakokotwa hadi Dar es Salaam na kutengenezewa magurudumu. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf Götzen katika Ziwa Tanganyika, ambayo leo ndiyo MV Liemba. Mabaharia nao waligawanywa katika vikosi vya Kanali Paul von Lettow-Vorbeck.

Reli ya Kati ndiyo iliyoileta silaha hiyo ya baharini hadi bara. Mwezi Mei 1916, von Lettow alipokwenda kuwakabili askari wa Afrika Kusini waliokuwa wameiteka Kondoa-Irangi, majeshi yake yalisafiri kwa treni hadi Dodoma, kisha yakaelekea kaskazini kwa miguu. Mizinga mizito, ukiwemo wa Königsberg, ilitumika kuishambulia Kondoa. Kuvuta mzinga wa manowari katika barabara ya vumbi, bila injini, kulihitaji mikono mingi. Majina ya maofisa yamehifadhiwa vitabuni. Ya wavutaji hayakuandikwa.

Mwezi Julai vikosi vya Jenerali Jaap van Deventer vilitoka Kondoa kuelekea kusini, vikapita ukanda wa Haneti, na tarehe 29 Julai 1916 Dodoma ikatwaliwa. Von Lettow alirudi nyuma, na kadiri mizinga ilivyokosa risasi au kushindikana kuvutwa, iliharibiwa na kuachwa. Looff alijisalimisha kusini mwa nchi Novemba 1917.

Mizinga iliyosalia inaonekana Ngome ya Yesu, Mombasa, Jinja, Uganda, na Pretoria, Afrika Kusini. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, nalo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Katika Ugogo, alama ya vita hivyo ilikuwa njaa. Kila jeshi lililopita lilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa kunyesha, maghala yalikuwa tayari matupu. Njaa hiyo ya mwaka 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanataja makadirio ya vifo 30,000, miongoni mwa wakazi wapatao 150,000.