Waliobaki Nyumbani

Mama mkubwa alinipokea stendi ya Bunda na swali moja. Kaka yangu, mwanawe wa pili, haongei, hali vizuri na halali. "Mwanangu, wewe si ndiye unasomea mambo ya akili? Ni mawazo tu au ni ugonjwa?"

Nikatoa simu. Ninao mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2016, niliupakua zamani nikijua kuwa bando huisha wakati wa shida. Nikasoma kwa Kiingereza, nikajibu kwa Kiswahili: sonona. Mama mkubwa akanitazama kama niliyetaja jina la mji wa mbali.

Kwenye basi la Musoma nilimkumbuka Carothers. Huyu alikuwa daktari wa kawaida tu alipokabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 1938. Mwaka 1953 Shirika hilohilo la Afya Duniani lilichapa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo sonona ilikuwa nadra kwa watu wetu, na Mwafrika alifananishwa na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Fanon alimshambulia waziwazi mwaka 1961. Lakini daktari kijana mwenye rafu moja ya vitabu angembishia vipi chapa ya Geneva?

Kinachoniuma zaidi ya matusi ni jinsi alivyokosea. Waliofikishwa Mathari walikuwa hasa waliopigana, waliozurura, waliosumbua mji. Aliyejikunja kitandani kimya, kama kaka yangu, nani angempeleka? Carothers aliandika kuhusu wale aliowaona, akadhani amewaona wote.

Mimi nina bahati. Tangu mwaka 2002 mpango wa Hinari umefungulia vyuo vya nchi maskini majarida ambayo tusingeweza kuyanunua. Ila karibu yote ninayosoma humo yameandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi wagonjwa wake ni wa kwingine.

Kesho yake nilipita Butiama, kwao Mwalimu, aliyemfanya Brutus aongee Kiswahili mwaka 1963. Nikaona aibu kidogo. Jioni nikachukua karatasi nimwandikie mama mkubwa: wiki mbili au zaidi bila furaha wala hamu ya kitu, muulize, bila kuogopa, kama anafikiria kujiua, vyovyote atakavyojibu, mlete hospitali Musoma, nitakuwepo.

Neno la kwanza nililolifuta lilikuwa "sonona".