Wazo Lisemwe Mbele ya Mashahidi

Asimamaye ufukoni pa Musoma, upande wa Mwigobero, katika usiku ambao mwezi haujachomoza, huona mbele yake ziwani safu ndefu ya taa za wavuvi wa dagaa, nyingi hata mgeni akadhani kwamba kuna mji ng'ambo ya maji. Na kila taa humtangaza mwenyewe, yuko wapi na pamoja na nani, wala hakuna mvuvi awezaye kuizima ili asionekane, kwani taa hiyo ndiyo imwitayo samaki. Alfajiri wanaporudi, mmoja huja na mtumbwi uliodidimia kwa uzito wa shehena, na mwenziwe, aliyekuwa akiitazama taa ile ile usiku kucha, huja na ndoo mbili. Nimekuwa nikiikumbuka hali hiyo tangu nilipoanza kuzungumza na vijana wa mkoa wetu wa Mara wanaotaka kuanzisha kampuni za programu za kompyuta, kwa maana wengi wao huamini kwamba wazo la biashara ni hazina ya kufukiwa, na kwamba anayelitaja mbele ya watu amekwisha kuibiwa.

Mmoja wao, mkazi wa Kitaji, hodari kweli wa kutunga programu, alinijia na karatasi ya kutiwa saini kabla hajafungua kinywa, ya kwamba sitamwambia mtu yeyote nitakayoyasikia. Nikatia saini, na leo nasimulia kwa idhini yake. Wazo lenyewe lilikuwa jema: mchuuzi wa dagaa wa Musoma au Bunda apelekewe kwa simu, kila asubuhi, bei ya siku hiyo katika soko la Kirumba mjini Mwanza, asije akapunjwa na madalali. Alikuwa amelitunza miaka miwili, akiandika programu usiku peke yake, na katika miaka hiyo miwili hakuwa amemwuliza hata mchuuzi mmoja. Nilimsihi twende Mwigobero. Tulimkuta mama mmoja amepiga magoti mchangani akitandaza dagaa kwa viganja, tukamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kazi, akamsikiliza kijana mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, bei ya Kirumba naipata kabla jua halijatoka, mdogo wangu yuko kule. Wewe niambie mvua itanyesha saa ngapi." Akatuonyesha fungu lililonyeshewa juzi, limebadilika rangi na kuanza kunuka, halifai tena ila kwa chakula cha kuku, akavuta ndoo yake ya kupimia, akaijaza mpaka kichwa kikasimama, akasema kwamba hapa hupimwa hivyo, na kwingine hukatwa kwa ubao iwe sawa na mdomo. "Sasa utaniandikia bei ya ndoo ipi?" Kijana hakuwa na jibu, akatoa daftari, akaanza kuandika, na kwa robo saa ile alipata elimu ambayo siri ya miaka miwili haikumpa.

Hoja yangu, basi, yaanzia hapo: katika biashara ya programu wazo lisilosemwa halijawa bado wazo kamili, bali ni dhana ya mtu mmoja juu ya shida za watu asiowauliza, nayo hutimia pale tu inapopingwa, ikasahihishwa, na pengine ikageuzwa kabisa na wale wenye shida yenyewe. Tazama habari ya M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, ambayo leo hata bibi wa kijijini Butiama huitumia bila kufikiri kwamba iliwahi kuwa fikira katika kichwa cha mtu. Ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005 ilikusudiwa kuwasaidia wakopaji wadogo kulipa marejesho ya mikopo yao kwa simu. Lakini watu waliopewa waijaribu walianza kutumiana fedha wao kwa wao, kama vile ambavyo wengine walikwisha kuzoea kununua vocha na kumpelekea ndugu namba zake ili aiuze na kupata taslimu. Hata ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, wenye kampuni ya simu iliyoianzisha walikuwa wameacha kusudi lao la kwanza na kufuata lile walilofundishwa na watumiaji, na mwaka uliofuata ikavuka mpaka ikafika Tanzania. Ni nani, katika mlolongo huo, awezaye kusema kwamba wazo lilikuwa lake peke yake?

Sheria nayo, kwa jambo hili, haiko upande wa wafichaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, itumikayo Tanzania Bara, huilinda programu ya kompyuta kama ilindavyo kazi ya mwandishi, yaani hulinda yale aliyoyaandika mtungaji, wala si fikira iliyomfanya aandike. Na Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Ubunifu katika Biashara ya mwaka 1994 yametamka waziwazi kwamba fikira, taratibu na njia za utendaji hazimo katika hifadhi ya hakimiliki. Sheria yetu ya hataza ya mwaka 1987, kadhalika, haizihesabu kanuni na njia za kufanya biashara kuwa uvumbuzi. Hivyo kijana anayeficha wazo la biashara hulinda kitu ambacho sheria haijapata kukiita milki, na huku kile ambacho sheria iko tayari kukilinda, yaani kazi ya mikono yake, anakichelewesha. (Mwenye kubuni mtambo mpya kabisa, mathalani tanuri la kukaushia dagaa ambalo halijaonekana popote, hali yake ni nyingine: huyo na apeleke kwanza maombi yake ya hataza kwa wakala wa usajili, BRELA, kwani aghalabu kuutangaza uvumbuzi kabla ya maombi huupotezea upya wake.)

Lakini liko pingamizi zito, wala sitaki kulipita mbio, kwa sababu hutoka vinywani mwa watu waliokwisha kuumia. Husemwa kwamba uwazi ni anasa ya wenye nguvu, na kwamba mnyonge akisema, mwenye mtaji hulichukua neno lake, akalijenga kwa mwezi mmoja, na mnyonge akabaki akitazama. Shahidi wao mkubwa ni Nkosana Makate wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2000, akiwa mwanafunzi wa uhasibu kazini katika kampuni ya simu ya Vodacom, na mchumba wake akiwa mbali bila salio la kumpigia, aliwaza kwamba mtu asiye na salio aweze kupeleka ujumbe wa bure wa kuomba apigiwe. Alilipeleka wazo lake kwa wakubwa, akaahidiwa kwa maneno kwamba likifanikiwa atalipwa. Likafanikiwa mno, wala hakulipwa. Alikwenda mahakamani mwaka 2008, akashindwa katika Mahakama Kuu mwaka 2014, na tarehe 26 Aprili 2016 ndipo Mahakama ya Katiba ilipoamua kwamba ahadi ile ilikuwa mkataba na kwamba kampuni ni lazima ikae naye wazungumzie malipo. Sisi tuliozoea kubipu, tunaojua thamani ya senti ya mwisho katika simu, hatuhitaji kuelezwa jinsi wazo lile lilivyokuwa kubwa.

Nakubali kwamba alidhulumiwa. Nisilokubali ni funzo linalotolewa humo, kwa maana Makate hakusema hadharani: alisema faraghani, kwa wakubwa wa kampuni moja, akapewa ahadi isiyokuwa na shahidi wa nje, naye aliyetoa ahadi ndiye aliyekuwa pia mtunza kumbukumbu. Na kilichomwokoa hatimaye ni yale machache yaliyokuwa yameandikwa na kuonekana na wengine, miongoni mwao jarida la ndani la kampuni la mwaka 2001 lililomtaja kwa sifa. Mnyonge aliyesema mbele ya upande mmoja hana ulinzi. Aliyesema mbele ya umati anao mashahidi wengi kuliko wanaoweza kunyamazishwa. Kwa hiyo ile karatasi ya siri, ambayo kijana wangu aliiona kuwa ngao, kwa hakika ndiyo imfungiayo chumbani pamoja na yule ambaye yamkini atamdhulumu.

Na katika pande zetu hizi za Afrika ya Mashariki uko mfano wa pili, uliobeba hata jina la hoja yenyewe. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, na habari za mauaji zikawa hazitangazwi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika hadharani, tarehe 3 Januari 2008, akiuliza kama hapakuwa na mafundi wa kompyuta wa kutengeneza ramani ambayo juu yake wananchi wangeonyesha mahali palipotokea dhuluma. Hakuomba saini ya mtu wala sehemu ya faida. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaitika, na kabla ya wiki mbili kwisha programu ilikuwa ikifanya kazi, nayo ikaitwa Ushahidi. Msimbo wake ukaachwa wazi kwa yeyote, na Haiti ilipopigwa na tetemeko mwezi Januari 2010, programu ile ile ilitumika kuwatafuta waliofukiwa. Jina la Okolloh halikupotea kwa kuwa wazo lilitolewa bure. Lajulikana kwa sababu hiyo hasa, kwani tarehe yake ipo na waliosoma siku ile wapo.

Uwazi huo, hata hivyo, una adabu yake, na bila adabu hiyo ninayoyasema yote ni bure. Wanazuoni wa pwani hawakupokea elimu pasipo kujua imepitia kwa nani, na mwanafunzi aliyerithi somo kwa shekhe wake alimtaja kabla ya kujitaja mwenyewe. Na Mwalimu Nyerere, alipoieleza demokrasia ya jadi, aliwasimulia wazee waketio chini ya mti wakizungumza mpaka wakubaliane, mahali ambapo kila neno hujulikana limetoka kwa nani. Tunahitaji desturi ya namna hiyo katika kazi hii mpya. Nakiomba Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kilichopo Butiama, kifungue daftari la wazi ambamo kijana yeyote wa mkoa huu, msomi au asiye msomi, ataandika wazo lake, tarehe na jina, na atakayelijenga atawajibika kumtaja. Nao wenye mitaji wanaokuja huku kutafuta vipaji wakubali kukutana na vijana hao mbele ya wengine, wala si hotelini wawili wawili.

Yule kijana wa Kitaji ameacha habari ya bei. Ameandika kwenye karatasi moja jinsi anavyotaka kuwapelekea waanika dagaa ilani ya mvua kwa ujumbe mfupi, akaibandika mwaloni kwenye ubao wa matangazo, na chini yake ametia tarehe na majina mawili, la yule mama likitangulia lake.