Jumapili Bila Motokaa

Vita vilipozuka Mashariki ya Kati mnamo Oktoba 1973, pipa la mafuta, lililokuwa likiuzwa takriban dola 3, lilikaribia dola 12 kabla ya Januari kwisha. Na Tanzania, ambayo mtambo wake wa Kigamboni ulisafisha mafuta ghafi ya ng'ambo tu, baadaye ikafikia kuharimisha motokaa za binafsi barabarani kila Jumapili kuanzia saa nane mchana. Wenye magari walinung'unika kwamba petroli ni ghali, na udhuru walikuwa nao. Lakini mimi nashikilia kwamba bei waliyoilipa ilikuwa rahisi mno, kwani fedha za kigeni zilizoagizia kila galoni zilichumwa na wakulima wa pamba, kahawa na katani, ambao aghalabu hata baiskeli hawakuimiliki.