Reli Zetu Mbili na Vidole Vinne Vilivyozitenganisha

Wadau, leo tuwaache wapumzike wale tunaowajua bila kuwataja majina, nani kahama kwa nani na nani kaonekana wapi usiku. Ninayo habari ya wawili wengine. Wamekaa mji mmoja tangu miaka ya 70, wanategemea bandari moja, kila mmoja ana mizigo yake ya kupeleka bara, na mpaka leo mmoja hawezi kukanyaga njia ya mwenzake. Nazungumzia Reli ya Kati na TAZARA.

Chanzo chote ni milimita 67. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 kutoka chuma hadi chuma, TAZARA ina 1,067. Bana vidole vyako vinne pamoja uvitazame, tofauti yenyewe ni kama hiyo. Kidogo hivyo, na bado ndicho kinachoamua mzigo wa Zambia utafikaje Mwanza.

Mjerumani alianza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Akafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, mwaka uleule vita vilipolipuka. Alitumia mita moja. Upande wa Mombasa Mwingereza alikuwa ameanza 1896 na kufika ziwani Kisumu 1901, naye kwa mita moja, maana vifaa na mafundi wake wengi walitoka India ambako reli za upana huo zilikuwa nyingi. Hakuna aliyekaa kikao na mwenzake. Wakoloni wawili waliotazamana kwa jicho baya wakajikuta wamejenga reli zinazooana, bahati ya mtende hiyo.

Na kweli zikaja kuoana. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia jeshi la Mwingereza liliivuta reli kutoka Voi kupitia Taveta hadi Kahe, karibu na Moshi, ikakutana na ile ya Mjerumani iliyotoka Tanga. Kilichobaki ni pengo kati ya reli ya Tanga na Reli ya Kati, nalo likazibwa 1963 kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Hebu fikiria maana yake: behewa likipakiwa Kigoma liliweza kupita Ruvu, Mnyusi, Kahe, Voi, Nairobi na Kampala, likaenda kusimama Kasese chini ya milima ya Ruwenzori bila mtu kugusa gunia hata moja. Nchi tatu, shirika moja la reli. Wazee waliofanya kazi enzi zile wakiliongelea shirika hilo utadhani wanamtaja marehemu mzazi.

Kusini huko mambo yalikuwa tofauti. Koloni la Cape lilichagua milimita 1,067 katika miaka ya 1870, na upana huo ukapanda taratibu na migodi, ukavuka Zambezi, ukafika kwenye shaba ya Zambia na Katanga. Kwa hiyo tukawa na familia mbili kubwa za reli, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na katikati hakuna kitu, ni pori tu.

Kilichozikutanisha ni siasa. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo shaba yake ilipita huko kwenda baharini, ikajikuta imekabwa koo. Ndipo ikaja Reli ya Uhuru. Wachina walitoa mkopo usio na riba, kazi ikaanza 1970, na mwaka 1976 njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi.

Sasa hapo ndipo swali la upana lilipobisha hodi. Ukijenga kwa mita moja, unaungana na Reli ya Kati nyumbani, lakini shaba itashushwa na kupakiwa upya Kapiri Mposhi. Ukijenga kwa 1,067, behewa la mgodini linateremka moja kwa moja mpaka bandarini Dar, ila jirani yako wa mjini anakuwa mgeni kwako. Wakachagua 1,067. Wapo wanaosema tulijikata mguu wenyewe. Mimi siwaungi mkono. Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba, na kila tani ingeguswa mara mbili katikati ya safari, Zambia ingepata nafuu gani? Faida nyingine ya uamuzi huo mnaiona kwenye picha za watalii: tangu 1993 kuna treni ya kifahari inayotoka Cape Town hadi Dar es Salaam kwa magurudumu yaleyale. Wenye nazo hao. Lakini hata wao, pamoja na pesa zao zote, wakitaka kuendelea na treni hiyohiyo mpaka Kigoma, haiwezekani.

Mtu atauliza, si wangeongeza tu chuma cha tatu, treni zote mbili zipite njia moja? Mbinu hiyo ipo duniani na inafanya kazi vizuri pale upana unapotofautiana sana. Kwetu imeshindikana kwa sababu reli hizi zinakaribiana mno. Kitako cha chuma cha reli peke yake ni zaidi ya sentimita 10, halafu bado inatakiwa nafasi ya ukingo wa gurudumu kupita. Katika milimita 67 huwezi kulaza vyuma viwili sambamba, vinagongana. Zingetofautiana zaidi, zingeweza kuishi pamoja. Yaani, undugu wa karibu ndio uliowaharibia.

Mahali walipokaribiana bara ni Kidatu, kwenye mashamba ya miwa, Morogoro. Tawi la Reli ya Kati linateremka kutoka Kilosa kupitia Mikumi mpaka hapo, na TAZARA inakatiza eneo hilohilo. Lakini kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa 1998. Piga hesabu: miaka 22 tangu TAZARA ikabidhiwe. Muda wote huo mzigo wa Zambia uliotaka kwenda Mwanza kwa reli ulibidi ushuke mpaka Dar, ubadilishwe, kisha urudi bara, au upande lori tangu mwanzo. Wengi walipanda lori, na lori likishamzoea mteja halimwachii kirahisi.

Kidatu yenyewe kazi ni hiyo: mabehewa ya upana huu yanasimama upande huu, ya upana ule upande ule, kontena linanyanyuliwa na kreni, linahamishwa. Kontena ni rahisi. Mzigo wa magunia au vyuma ni jasho. Hapo ndipo wanapoingia watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa popote: mkata mabehewa, mwendesha kreni, karani wa kuhesabu, kuli. Baada yao behewa la mita moja linapanda Kilosa, linashika Reli ya Kati kupitia Dodoma na Tabora, linafika Mwanza, na meli ya MV Umoja yenye reli kwenye sitaha yake inaweza kulivusha lilivyo mpaka Port Bell. Njia nzuri kwenye ramani. Tatizo, kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yameshakata reli mara nyingi, na reli ikikatika hapo, Kidatu yote inabaki kusubiri.

Lakini tusiutwike upana lawama zote. Voi na Kahe zilikuwa na mita moja kwa mita moja, hakuna cha kuhamisha, na bado 1977 jumuiya ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa, mabehewa yakaacha kuvuka. Mpaka ukafunguliwa 1983, ila ule mtandao wa shirika moja haukurudi. Na sasa kumeingia upana wa tatu, ile SGR ya milimita 1,435, kwetu na kwa majirani. Kenya imeifikisha eneo la Naivasha, na mzigo wa Uganda unahamia hapo kwenda kwenye reli ya zamani ya mita moja. Kidatu nyingine hiyo, imevaa suti tu.

Kuna kitu kimoja kinanikera na kunichekesha kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1950 shirika la reli la Afrika Mashariki lilinunua vichwa 34 vya mvuke kutoka Manchester, daraja la 59, vikipewa majina ya milima yetu. Vilikuwa vya mita moja, lakini vilisanifiwa ili magurudumu yaweze kusogezwa yafikie 1,067, siku reli ya kusini itakapofika. Ilipofika, vichwa hivyo vilikuwa vizee na mvuke ulikuwa unaaga. Kimoja, namba 5918, kipo makumbusho ya reli Nairobi. Kinaitwa Mount Gelai, mlima wa Tanzania, na magurudumu yake bado yako mita moja.