Karafuu, Bima na Mvuvi wa Tumbe

Tumbe, kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mashariki ya Pemba, ni pa kale kuliko wengi wanavyodhani, kwani waakiolojia wamefukua hapo athari za makazi makubwa yaliyostawi baina ya karne ya 7 na ya 10, kabla ya Chwaka, jirani yake, kusimamisha misikiti yake ya mawe. Na tangu Uislamu ulipoenea pwani hii, mgonjwa aliuguzwa na jamaa zake, akasaidiwa kwa sadaka na zaka. Na zaka, ijapokuwa ni fardhi, haikungojea karani wa serikali.

Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yakaleta ahadi nyingine, kwamba matibabu yatakuwa bure. Bure hiyo, kwa hakika, ilikuwa na mlipaji wake: dola ilishika peke yake biashara ya karafuu, ikamlipa mkulima sehemu ndogo tu ya bei iliyopatikana ng'ambo, na karafuu nyingi za visiwa hivi zikitoka Pemba. Basi anayesema leo kwamba raia hajapata kulazimishwa kugharimia hospitali, nadhani amesahau gunia la karafuu, ambalo lilikatwa kimyakimya pasi na mtu kuulizwa.

Lililobadilika mwaka 2023, Baraza la Wawakilishi lilipotunga sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, yaani bima ya afya, ni kwamba makato yalidhihirika, kwa kuanzia na watumishi wa umma. Je, Katiba yaruhusu raia alazimishwe hivyo? Afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina mamlaka ya kuitungia sheria. Na Katiba ya Muungano, ibara ya 30, yakubali haki za mtu ziwekewe mipaka kwa ajili ya afya ya jamii, japo maneno hayo hayampi mtawala ruhusa ya kutoza apendavyo.

Wenzetu wamelipeleka shauri hili mahakamani. Marekani, mwezi Juni 2012, Mahakama ya Juu, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilikataa kwamba mamlaka ya kusimamia biashara yatosha kumlazimisha mtu anunue bima ya afya, lakini ikaipitisha adhabu ya asiyenunua kwa kuihesabu kuwa ni kodi. Kenya, Julai 2024, Mahakama Kuu ilizibatilisha sheria za bima mpya ya afya, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo, na Oktoba makato ya asilimia 2.75 ya kipato yakaanza. Hoja ya Nairobi yanivutia zaidi kuliko ya Washington, kwa kuwa haiulizi tu kama dola yaweza, bali yauliza kama mlipaji alisikizwa.

Mwalimu wa skuli hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Mvuvi wa Tumbe hana mshahara: chombo kikirudi, samaki hupigwa mnada sokoni, mwenye chombo akatwaa fungu lake, mabaharia wakagawana kinachobaki, na siku nyingine hakibaki kitu. Mtungaji wa sheria atakayetaka mchango wa mvuvi huyo itambidi kwanza aje asimame mnadani, na aamue kama atamkata dalali, au tajiri wa chombo, au baharia mwenyewe, na msimu wa upepo mkali, vyombo vikiwa vimepandishwa pwani, atamkata nani.