Tope lililo chini ya barafu ya Antaktika lina habari gani?

Anayechimba kisima huona udongo ukibadilika kadiri anavyoshuka: mweusi, kisha mwekundu, kisha mchanga au changarawe. Kila tabaka lilikuja kwa wakati wake. Chini ya ziwa ni hivyo hivyo. Vumbi, mchanga na mabaki ya viumbe hutua taratibu, mapya juu ya yale ya zamani. Tope hilo la matabaka huitwa mashapo. Katika makala haya tunaeleza kuhusu mashapo ya maziwa yaliyofunikwa na barafu huko Antaktika, bara lililo kwenye Ncha ya Kusini ya dunia.

Kwa nini maji hayo hayagandi?

Chini ya barafu ya Antaktika yamegunduliwa maziwa zaidi ya 400. Kubwa kuliko yote ni Vostok, lenye urefu wa takriban kilomita 250, na barafu iliyo juu yake ina unene wa karibu kilomita 4. Maji hayagandi kwa sababu joto hutoka ardhini, na barafu hulizuia lisipotee, kama blanketi. Pia, uzito mkubwa wa barafu hufanya maji yahitaji baridi kali zaidi ili yagande.

Kwa nini tope, na si barafu yenyewe?

Barafu nayo hutunza kumbukumbu. Mapovu ya hewa yaliyonaswa ndani yake yameonyesha hewa ya miaka 800,000 iliyopita ilikuwaje. Lakini barafu haiwezi kueleza wakati ambao yenyewe haikuwepo mahali hapo. Tope linaweza.

Kulifikia ni kazi ngumu. Desemba 2012, wanasayansi wa Uingereza walilazimika kuacha uchimbaji katika ziwa Ellsworth baada ya kukwama. Wamarekani walilifikia ziwa Whillans Januari 2013, na ziwa Mercer mwishoni mwa Desemba 2018. Huko Mercer walitoboa zaidi ya kilomita 1 ya barafu kwa maji ya moto. Maji hayo yalichujwa kwanza na kusafishwa ili yasipeleke vijidudu ziwani. Walirudi na nguzo za tope, ndefu zaidi ikiwa na takriban mita 1.7.

Umri wa tope hujulikanaje?

Hewani kuna aina ya kaboni iitwayo kaboni 14. Huingia katika mimea, wanyama na maji ya bahari. Kiumbe akifa, kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na baada ya miaka 50,000 hubaki kidogo mno kupimika.

Basi kama ziwa Mercer lingekuwa limefunikwa na barafu muda wote huo, tope lake lisingekuwa na kaboni 14. Lakini walipopima, waliikuta. Maana yake bahari iliwahi kufika hapo. Vipimo vinaonyesha kwamba miaka 6,000 hivi iliyopita, mahali ambapo barafu huacha kukalia ardhi na kuanza kuelea baharini palikuwa ndani zaidi kwa takriban kilomita 250 kuliko leo. Baadaye barafu ilirudi na kulifunika tena eneo hilo.

Linatuhusu nini?

Barafu ya magharibi mwa Antaktika ikiyeyuka yote, bahari itapanda kwa zaidi ya mita 3 duniani. Bahari Hindi haitabaki nyuma. Wakulima wa nazi, wavuvi na wenye visima karibu na pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, wataguswa. Hilo si jambo la mwaka mmoja, litachukua karne nyingi. Na tope hili halitabiri mvua za vuli zijazo.

Linachotuonyesha ni kwamba barafu hiyo si ya kudumu: iliwahi kurudi nyuma kabla binadamu hajajenga viwanda. Ni kweli kwamba ilijirudia, lakini kwa muda wa maelfu ya miaka. Kijiji cha pwani hakiwezi kusubiri muda huo. Ndiyo maana wanaokadiria bahari itapanda kwa kasi gani wanalihitaji tope hili: hesabu zao zikishindwa kueleza yaliyotokea miaka 6,000 iliyopita, ni vigumu kuziamini kwa miaka 100 ijayo.